Pilau ya Iddi na hatari ya kiporo



Ndugu msomaji, huku kwetu Tindiga, wilayani Kilosa, mpunga tunalima wenyewe, na siku ya Iddi nyumba moja huweza kupokea watu hamsini au sitini. Wanakuja ndugu kutoka Kilosa mjini na Mikumi, wanafunzi wa madrasa, majirani Waislamu na majirani Wakristo, kila mmoja kwa wakati wake. Kumkirimu mgeni ni katika mafundisho ya dini yetu, na Alhamdulillaah watu wetu si wachoyo. Leo katika safu hii tuangalie jambo moja linaloweza kuigeuza karamu kuwa msiba, nalo ni saa zinazopita tangu pilau kuiva mpaka kuliwa.

Hebu tuhesabu. Wapishi wengi huinjika sufuria kubwa usiku ili asubuhi wawahi swala ya Iddi. Pilau inaiva saa kumi za usiku. Watu wanaswali, wanasikiliza khutba, wanapeana mikono, wanazuru wazee. Masinia ya kwanza yanatoka saa saba mchana. Hapo zimepita saa 9. Kama makaa ya juu na ya chini yalizimika mapema, chakula hicho kimekaa vuguvugu kwa muda mrefu sana, na vuguvugu ndiyo hali ambayo vijidudu huipenda kuliko zote.

Utasema, "Lakini ilichemka vizuri." Ni kweli, ila kuna vijidudu viwili ambavyo kuchemka peke yake hakuvimalizi. Cha kwanza huitwa Basilasi sereusi, nacho hupenda wali. Cha pili, Klostridiamu, hupenda nyama na mchuzi uliopikwa kwa wingi. Vyote hujifungia ndani ya ganda gumu mfano wa mbegu, na mbegu hizo hustahimili moto wa jikoni. Sufuria inapopoa taratibu, mbegu huamka na kuzaliana. Sufuria ya kilo kumi hupoa polepole mno katikati, hata kama juu unaona pamepoa.

Baya zaidi ni kwamba kijidudu kile cha wali hutoa sumu ya kutapisha ambayo haivunjiki kwa moto. Ndiyo maana kupasha moto kiporo hakukisafishi. Unaweza kukichemsha mpaka kikaungua na sumu ikabaki mle mle, bila harufu wala ladha mbaya ya kukuonya. Anayekula huweza kuanza kutapika ndani ya saa 1 mpaka 6. Kile cha nyama huleta msokoto wa tumbo na kuharisha, mara nyingi kati ya saa 6 na 24, yaani wakati wageni wameshatawanyika makwao na mwenyeji hana habari.

Basi dawa ni kupanga saa. Tumia sufuria mbili za kiasi badala ya moja kubwa. Kwa makadirio yangu, kilo 1 ya mchele pamoja na nyama yake hutosha watu saba au wanane, hivyo watu sitini ni kilo 8: kilo 4 za mapema, na kilo 4 zinazoinjikwa watu wakishaanza kuja. Vitunguu vimenywe na viungo vitwangwe tangu jana yake. Mama wa nyumba naye apate nafasi ya kuswali na kukaa na wageni wake, maana si haki Iddi yake yote iishie kwenye moshi. Pilau inayosubiri ikae juu ya makaa hai, na unapochota katikati uone mvuke unatoka. Ikishaondoka motoni isizidi saa 2, na siku ya joto kali isizidi saa 1.

Najua kinachofanya watu walaze pilau. Wanaogopa israfu, na kiporo kwa chai asubuhi ya Iddi pili kina utamu wake, sikatai. Lakini israfu huzuiwa mapema. Ukiona wageni wamepungua, jaza mabakuli yapelekwe kwa majirani pilau ikiwa bado ya moto. Kumpelekea mtu kiporo cha jana na kukiita sadaka, hapo tumedhuriana. Mwenye jokofu na aitandaze kwenye vyombo vipana vyenye kina kifupi, aiingize ndani ya saa hizo 2, kisha aipashe mara moja tu mpaka itoe mvuke. Asiye na jokofu asilaze.

Maji nayo. Iddi huzunguka majira yote. Iddi el-Fitri ya mwaka 2024 iliangukia Aprili, katikati ya masika, wakati ambapo maji ya juu huingia visimani yakiwa yamepita vyooni. Maji ya sharubati na ya kuoshea kachumbari yachemshwe au yatiwe dawa ya maji. Wageni wanawe kwa sabuni na maji yanayomiminwa kutoka kwenye birika. Beseni moja la kunawia watu ishirini huchafua mikono ya wale wa mwisho.

Na kwa wanaochinja: mnyama mgonjwa asichinjwe, awe wa udhhiya au wa karamu tu. Mwaka 2007 Homa ya Bonde la Ufa iliua watu nchini, mkoa wetu wa Morogoro ukiwemo. Mwite afisa mifugo kabla ya kisu.

Mtu akianza kutapika au kuharisha, mpe maji ya ORS kidogo kidogo, na mtoto aendelee kunyonya. Akilegea, macho yakizama, akishindwa kunywa, akikosa mkojo, au choo kikiwa na damu au kikifanana na maji ya mchele, mfikishe kituo cha afya bila kungoja kupambazuke. Usione haya kumtaja mwenyeji wenu. Mwambie tabibu saa mliyokula na saa chakula kilipopikwa, kwani kwa saa hizo mbili tunaweza kujua mengi, na pengine kuwawahi wenzako mliokula nao sinia moja.