Kitufe cha fantomu kilichoniaibisha Embu

Sisi wafunga vyombo vya sauti wa Pwani tuna kiburi kidogo. Ukishafunga spika kwenye harusi za Kisauni, Likoni na Malindi kwa miaka, ukapigana na chumvi inayokula plagi, waona huko bara hakuna cha kukushinda. Kiburi hicho kilinitoka Jumamosi moja mjini Embu.

Tulikuwa na kazi mbili mfululizo: harusi ya Embu siku ile, na kesho yake Meru, ambako kijana wetu wa Mombasa alikuwa akioa. Embu palikuwa na kwaya ya kina mama na mpiga mugithi mmoja, wale wanaotumbuiza peke yao, gitaa mkononi na mashine ya ngoma kando. Kijana alikuja na spika yake ya gitaa, ile yenye ampu ndani, na nyuma yake tundu la XLR la pini tatu la kupeleka sauti kwenye miksa. Aliinunua kwa mkopo wa chama, na deni lilikuwa halijaisha.

Kwaya niliiwekea maiki mbili za kondensa. Maiki hizo hazifanyi kazi bila kupewa umeme, kwa hivyo nikabonyeza kitufe kilichoandikwa 48V. Miksa yangu, kama nyingi za bei ya mifuko yetu, ina kitufe kimoja kwa njia zote. Kisha nikachukua waya wa kijana nikauchomeka. Spika kubwa zikapiga kishindo hadi wazee wa meza ya mbele wakashtuka. Nikadhani waya ni mbovu; nikachomoa, nikachomeka tena, na tena. Mara ya tatu hatukusikia kitu ila mvumo. Spika yake yenyewe ililia vizuri, lakini lile tundu la nyuma lilikuwa limekufa.

"Mzee, umeichoma," akaniambia kwa sauti ya chini. Nikabisha. Nilikosea kubisha.

Tatizo ni kwamba wengi wetu twafikiri tundu la kuingizia sauti hupokea tu. Kumbe tundu la maiki kwenye miksa, fantomu ikiwashwa, linatoa umeme: volti 48 za moja kwa moja, si za kupishana kama za ukutani, zikipita kwenye pini ya pili na ya tatu, na kurudi kwa pini ya kwanza. Umeme huo unasafiri kwenye waya uleule unaoleta sauti, kuelekea upande wa pili, na ndiyo maana ukapewa jina la mzuka. Mpango huu ulianza mwaka 1966, kampuni ya Neumann ya Ujerumani ilipoitengenezea redio ya taifa ya Norway maiki. Studio za huko tayari zilikuwa na umeme wa volti 48 wa taa za dharura, basi wakautumia huohuo. Hadi leo dunia nzima imebaki na namba hiyo.

Maiki ya kawaida ya kuimbia, ile ya dainamiki, haidhuriki ikiwa waya ni mzima. Pini zote mbili zina volti sawa, kwa hivyo hakuna mkondo unaopita kwenye koili yake. Lakini spika ya gitaa si maiki. Nyuma ya tundu lake mna saketi iliyoundwa kusukuma sauti nje, wala haikutazamia kusukumwa kutoka nje. Watengenezaji wengine huweka kinga. Wengine huweka kapasita ndogo za kubana gharama.

Tena umeme wenyewe si mwingi. Kila pini hupitia rezista ya takriban kilo-ohmu 6.8, kwa hivyo hata ukigusanisha waya hupati zaidi ya miliampu 7 kwa pini. Kinachoua ni kuchomeka na kuchomoa wakati fantomu inawaka. Kapasita zilizojaa volti 48 humwaga mzigo wao mara moja, na mshtuko huo hupasua chipu. Nami nilifanya hivyo mara tatu kwa mkono wangu.

Fundi wa redio mjini Embu aliifungua jioni ile. Kapasita mbili za njia ya kutolea, zilizoandikwa volti 25, zilikuwa zimevimba, na chipu moja imekwisha. Nililipa mimi. Wenzangu walisema tugawane na kijana, kwa kuwa spika ni yake na angejua udhaifu wake. Sikukubali, na bado sikubali. Anayekaa kwenye miksa ndiye anayejua kitufe kiko wapi.

Usiku ule tulipanda kwenda Meru kupitia Runyenjes na Chuka, baridi ya mlima ikinipenya hadi mifupani. Asubuhi nilianza upya. Palikuwa na kinanda, udi wenye pikapu, na simu ya mjomba wa bwana harusi iliyojaa nyimbo za taarab. Maiki za kondensa zilikuwepo pia, basi fantomu ilikuwa lazima.

Nilichomeka kila kitu kwanza, sauti zote zikiwa chini, ndipo nikabonyeza kitufe. Kinanda nilikipitisha kwenye jeki kubwa ya robo inchi, kwa sababu kwenye miksa nyingi fantomu haifiki kwenye jeki, ni kwenye XLR pekee. Udi niliupitisha kwenye kisanduku cha DI chenye transfoma ndani. Transfoma huvusha sauti na kuzuia umeme wa moja kwa moja, na cha zaidi, swichi yake ya kukata ethi iliondoa mvumo wa jenereta. Ila DI ziko aina mbili: ile ya aktivu yenyewe huhitaji fantomu. Ya transfoma haihitaji chochote, na ndiyo ninayobeba.

Mjomba alikuja na waya wa dukani, upande mmoja pini ndogo ya simu, upande wa pili XLR. Nikamwambia, "Mjomba, huo usinichomekee." Alinuna. Lakini waya kama huo huipeleka fantomu hadi ndani ya simu au kompyuta, na simu yenyewe ilikuwa ya bei kuliko miksa yangu. Tukatafuta waya wa jeki.

Wakati wa kufungua nilizima fantomu kwanza, nikahesabu hadi 60 ili kapasita zitulie, ndipo nikaanza kuchomoa. Ukiwa na shaka kama imezimika kweli, pima kwa mita: weka kwenye volti za DC, ncha moja pini ya kwanza, nyingine pini ya pili. Ikiwaka utasoma kama 48, zaidi au pungufu kwa volti 4.

Spika zetu kubwa zenye ampu ndani hazimo katika hatari hii, kwa kuwa hupokea kutoka njia ya kutokea ya miksa, ambako hakuna fantomu. Hofia kile kinachorudisha sauti kwenye miksa. Mimi sasa nimebandika utepe mweusi juu ya kile kitufe, na siubandui kabla ya kuzunguka jukwaa na kuuliza kila mpigaji waya wake umetoka wapi.