Mgonjwa wa Titi na Daktari Wake: Nani Aulizwe Kwanza?

NDUGU msomaji, hebu tumfikirie mama mmoja wa Oldonyo Sambu, kule kaskazini-magharibi ya mlima Meru, kando ya barabara iendayo Namanga. Ameona uvimbe katika titi lake. Hauumi, na kwa kuwa hauumi amekaa nao, akikamua ng'ombe na kuchota maji kama ilivyo ada. Siku anayoshuka mjini Arusha, uvimbe umekwisha kuwa mkubwa na ngozi imeanza kuvutika. Huenda huyo ni mzazi wako wewe unayefanya kazi Njiro au Unga Limited, naye atalala kwako usiku wa kuamkia hospitali.

Mama wa namna hiyo si mmoja. Tathmini ya huduma za afya ya titi nchini Tanzania, iliyotolewa mwaka 2017, ilikadiria kuwa wagonjwa wapatao 80 katika kila 100 hugunduliwa saratani ikiwa imefika hatua ya tatu au ya nne. Ni kweli pia kwamba uvimbe mwingi wa titi si saratani. Lakini hilo huamuliwa na maabara, si na jirani.

Tunalotaka kulitazama leo ni mazungumzo yale yanayoanza mara mlango wa chumba cha daktari unapofungwa. Siku hizi matabibu hunena juu ya huduma inayomweka mgonjwa mbele, yaani matibabu yanayofuata haja na uamuzi wa mgonjwa mwenyewe. Mwaka 2001 Taasisi ya Tiba ya Marekani iliihesabu miongoni mwa malengo sita ya huduma bora. Daktari anaitaka, mgonjwa anaitaka. Taabu ni kwamba kila mmoja huielewa kwa namna yake.

Kwa daktari, kumweka mgonjwa mbele ni kumweleza sawasawa: aina ya saratani, hatua iliyofikia, upasuaji, dawa za dripu ambazo mara nyingi hutolewa kila baada ya wiki tatu. Nje kuna foleni ndefu. Akimaliza maelezo hayo huamini kwamba ametimiza wajibu wake, wala hatuna haki ya kumlaumu upesi. Lakini mama aliyeketi mbele yake anawaza mengine. Je, nitapona? Watoto watabaki na nani? Mume wangu atanionaje? Nauli ya kurudi mara ya pili itatoka wapi? Yako madaktari watakayoyaona maswali haya kuwa ni ya pembeni. La hasha! Swali la nauli ndilo huamua kama dripu ya pili itamkuta mgonjwa au itakuta kiti kitupu.

Usidhani kwamba jambo hili ni la kwetu tu. Huko Marekani, hadi miaka ya 1970, ilikuwa kawaida mwanamke kulazwa kwa dawa ya usingizi ili akatwe kipande kidogo cha uvimbe kwa uchunguzi; kikionekana kina saratani, titi zima liliondolewa katika usingizi huo huo. Aliyeingia na swali aliamka na jibu juu ya kifua chake. Mwandishi wa habari Rose Kushner, alipougua mwaka 1974, alikataa katakata, akadai apimwe kwanza, aamke, ndipo aamue. Mwaka 1979 jopo la wataalamu, naye akiwa mjumbe, lilipendekeza hatua hizo mbili zitenganishwe. Kisha utafiti wa Bernard Fisher huko Marekani na wa Umberto Veronesi huko Italia, ambao matokeo yake ya miaka 20 yalitolewa mwaka 2002, ulionyesha kuwa wanawake wenye saratani changa waliotolewa uvimbe tu na kupewa mionzi waliishi sawa na wale waliotolewa titi lote.

Basi, tumrudie mama yetu. Tuseme yeye amewahi, na titi lake laweza kuokolewa. Lakini kuliokoa kunahitaji mionzi, na mionzi haipatikani katika kila hospitali. Kituo kikongwe, Ocean Road, kiko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 600 kutoka Arusha. Mionzi si ya siku moja, ni ya wiki kadhaa. Kumwuliza kama anataka titi libaki, bila kumwuliza kama anaye wa kumlaza Dar es Salaam na wa kumshikia boma, ni kumwuliza nusu ya swali. Akichagua titi litolewe ili arudi kwa wanawe mapema, hajakosa akili. Na akisema, "Daktari, amua wewe," huo nao ni uamuzi wake, mradi ameambiwa kwanza.

Liko jambo jingine, nalo linatugusa sisi jamaa. Wengi wetu humvuta daktari kando na kumwomba asimwambie mama ukweli. Mimi nasema aulizwe mama mwenyewe anataka kujua kiasi gani. Aidha, mama wa Oldonyo Sambu huenda anajieleza vema kwa Kimaasai kuliko kwa Kiswahili, na mara nyingi mkalimani huwa ni mwanawe wa kiume. Ndugu msomaji, jiweke wewe mahali pake: utatafsirije habari za titi la mama yako, na yeye atasema nini mbele yako? Atanyamaza, na daktari ataandika kwamba mgonjwa hana swali. Muombeni muuguzi wa kike anayeijua lugha hiyo, nanyi mtoke nje kwa dakika chache.

Usiku ule atakapolala kwako, baada ya chakula, mketishe mke wako au dada yako karibu naye, amwulize anahofu nini, na amwandikie maswali yake kwenye karatasi. Asubuhi mama aishike mwenyewe, ampe daktari kabla hajavua kanga.