Titi Lisilokamuliwa Hupunguza Kazi

Karani anayetoka Mbagala alfajiri kuwahi ofisini Posta, mwanawe wa miezi minne akibaki na bibi yake, huwa nje ya nyumba saa kumi au zaidi. Ikigonga saa nne asubuhi matiti yamejaa na yanauma, na blauzi imeanza kulowa. Wengi huvumilia mpaka jioni. Uvumilivu huo una gharama, ila haionekani siku ya kwanza.

Titi si tangi linalongoja bomba lifunguliwe. Maziwa hutengenezwa muda wote katika vifuko vidogo mno, na kasi ya kutengenezwa hutegemea kiasi kilichobaki humo. Vifuko vikijaa, titi hupunguza kazi. Maziwa yakitoka, kasi hupanda tena. Kila titi hujitegemea, ndiyo maana mama anayenyonyesha upande mmoja hukauka ule mwingine huku mtoto akishiba vizuri. Siku kadhaa za kushinda kazini bila kukamua zinatosha mama kulalamika kuwa maziwa yamepungua. Atalaumu chakula, atatafutiwa uji na supu, kumbe mwili umetii tu: maziwa hayatolewi, basi yasitengenezwe mengi. Dawa ni kukamua kila baada ya saa tatu hivi, nyakati ambazo mtoto angenyonya.

Kuyatoa nako kuna masharti. Mtoto anaponyonya, au hata mama anaposikia kilio chake, ubongo huachia homoni ya oksitosini inayobana vifuko na kusukuma maziwa kuelekea kwenye chuchu. Maumivu, hofu na aibu huizuia. Mama anayekamua chooni huku mlango unagongwa atapata matone, kisha atadhani hana maziwa. Picha ya mtoto kwenye simu, au nguo yenye harufu yake, husaidia kweli. Pampu nzuri za umeme nazo humuiga mtoto: huvuta harakaharaka mwanzoni, kisha polepole maziwa yakishaanza kutiririka.

Lakini pampu si lazima, na kwa maoni yangu mkono umedharauliwa mno. Hauhitaji umeme, na kuusafisha ni sabuni na maji tu. Weka kidole gumba juu ya titi na vingine chini yake, nyuma kidogo ya duara jeusi. Sukuma kuelekea kifuani, minya, achia. Ukizunguka titi lote utafikia vifuko vya kila upande. Usivute chuchu, utajiumiza bure.

Adui mkubwa wa maziwa yaliyokamuliwa, hasa pwani, ni joto. Maziwa ya mama yana chembe hai na protini zinazodhibiti bakteria, hivyo hayaharibiki upesi kama ya ng'ombe. Hata hivyo, ile kanuni maarufu ya kuyaacha mezani saa nne inahusu chumba kisichozidi nyuzi joto 25. Dar es Salaam mwezi Februari hupita 30 mchana, na kwenye nyuzi 38 watafiti wanashauri yasihifadhiwe kabisa. Kwa hiyo yatiwe kwenye friji mara tu baada ya kukamuliwa, ambamo hukaa hadi siku nne, au kwenye mfuko wa kuhifadhi baridi wenye vipande vya barafu, ambao utayalinda hata foleni ya kurudi nyumbani ikiwa ndefu.

Bibi naye apewe maelezo. Mafuta yakielea juu, maziwa hayajaharibika. Atikise chupa taratibu. Ayapashe kwa kuweka chombo ndani ya maji ya uvuguvugu, asiyachemshe. Ampe mtoto kwa kikombe kidogo, ambacho ni rahisi kusafisha kuliko chupa yenye nyonyo. Mtoto akibakisha, yatumike ndani ya saa mbili au yamwagwe. Na wapo wanaomwambia mama akirudi jioni amwage maziwa ya kwanza kwa kuwa "yamelala". Maziwa hayachachi ndani ya titi. Amnyonyeshe tu.

Kuhusu muda, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mama hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha katika muda wa kazi. Kwa aliyemwacha mtoto Mbagala, saa hizo zina maana akiruhusiwa kuzitumia kukamua au kuondoka mapema. Kenya ilikwenda mbali zaidi: Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri atenge chumba chenye pa kunawia mikono, friji na soketi ya pampu, ingawa utekelezaji unasuasua. Mama, zungumza na mwajiri wako kuhusu muda na chumba kabla likizo ya uzazi haijaisha. Nawe mwajiri, kiti, mlango wenye komeo na nafasi kwenye friji vinatosha kuanzia.