Jumatatu Fildi, Ijumaa Mjini

Jumatatu asubuhi mjini Arua, jua halijachomoza vizuri, magari meupe yenye antena ndefu hujipanga mbele ya ofisi za mashirika ya misaada. Watu hupakia mabegi, maji, kompyuta, na mwenye busara hupakia chandarua. Baadhi wanakwenda Rhino Camp na Imvepi. Wengine wanashika lami ya kaskazini hadi Koboko, kwenye makazi ya wakimbizi ya Lobule. Watarudi Ijumaa. Katikati ya wiki ripoti itaandikwa kambini, mkutano na Kampala utafanyika kwa simu inayokatikakatika, na kitakachobaki kitamaliziwa nyumbani Jumamosi usiku, watoto wakishalala.

Hiyo ndiyo kazi mseto. Neno lenyewe lilivuma wakati wa korona, likaja na picha ya mtu wa London aliyekaa jikoni kwake na kikombe cha kahawa. West Nile, eneo la Uganda lenye mji huu wa Arua, ilikuwa ikiifanya kabla haijapewa jina, ila huku mafiga ni matatu: ofisi, nyumba na fildi. Tena kwa miaka mingi eneo hili halikuunganishwa na gridi ya taifa. Lilitegemea jenereta na, tangu 2012, bwawa dogo la Nyagak lenye megawati 3.5. Umeme ndio uliokuwa ukimpangia mtu afanyie kazi wapi na saa ngapi.

Je, mwili na akili vinalipokeaje gurudumu hili? Utafiti ninaoupenda zaidi ulifanywa Uchina, katika kampuni ya usafiri ya Trip.com, chini ya mwanauchumi Nicholas Bloom na wenzake, ukachapishwa 2024. Wafanyakazi 1,612 waligawanywa kwa njia ambayo hata mtoto angeielewa: aliyezaliwa tarehe isiyogawanyika kwa mbili aliruhusiwa kufanyia kazi nyumbani Jumatano na Ijumaa, na mwenzake wa tarehe shufwa akabaki ofisini siku zote tano. Baada ya miezi sita, walioacha kazi katika kundi la kwanza walikuwa pungufu kwa theluthi moja. Tathmini za utendaji zilifuatiliwa kwa miaka miwili, na tofauti haikuonekana. Mameneja walikuwa wametabiri kwamba tija ingeshuka kwa asilimia 2.6; majaribio yalipokwisha, wao wenyewe walisema imepanda kwa asilimia 1.

Wengi huusoma utafiti huo kama ushindi wa nyumba dhidi ya ofisi. Mimi jicho langu linatua kwenye yale maneno mawili, Jumatano na Ijumaa. Watu wale walizijua siku zao. Aliyetaka kumpeleka mama yake kliniki alijua ampeleke lini. Mwaka 1979 mtafiti Robert Karasek alieleza kwamba kazi nzito peke yake haimchoshi mtu kama kazi nzito asiyokuwa na usemi juu yake. Sasa mtazame mfanyakazi wa Arua anayeambiwa saa mbili za usiku kwamba gari la kesho limebadilika, ataondoka yeye. Safari ni ileile na vumbi ni lilelile, lakini usingizi wa usiku huo umeshaharibika, na aliyeahidiwa kusaidiwa hesabu za shule ameshaachwa.

Jambo la pili, baada ya usemi, ni kuutua mzigo. Mwanasaikolojia wa Ujerumani, Sabine Sonnentag, ametumia miaka mingi kuchunguza kinachotokea mtu anapotoka kazini. Amegundua kwamba kupumzika kwa viungo hakutoshi. Akili nayo lazima iache kuizungukia kazi. Isipoacha, mtu huamka na uchovu wa jana. Anayefanyia kazi nyumbani huvamiwa sebuleni na kundi la WhatsApp la ofisi. Kwa aliye kambini ni kinyume chake: kazi haikuingia nyumbani kwake, yeye ndiye aliyehamia ndani ya kazi. Analala hatua thelathini kutoka kwenye meza yake, anakula ugali wa enyasa sahani moja na bosi, na baada ya chakula mazungumzo ni ya mgao wa kesho. Sheria ya ajira ya Uganda ya 2006 inaweka kikomo cha saa 48 kwa wiki, lakini kambini nani anazihesabu? Si suala la uchovu tu. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalionyesha mwaka 2021 kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki kunaongeza hatari ya kiharusi kwa asilimia 35, ukilinganisha na saa 35 hadi 40.

Dawa inayopendwa na ofisi ni semina ya kupunguza msongo. Hapo West Nile ina cha kuifundisha dunia. Huko huko Rhino Camp, wanawake 694 wakimbizi kutoka Sudan Kusini, katika vijiji 14, walishiriki majaribio yaliyochapishwa 2020. Baadhi yao walikusanyika mara tano katika vikundi, wakasikiliza sauti iliyorekodiwa kwa Kiarabu cha Juba na kutazama kitabu cha picha: namna ya kuvuta pumzi, kukanyaga ardhi na kuisikia chini ya nyayo, kulipa jina wazo linalotesa bila kupigana nalo. Walioongoza hawakuwa wataalamu, walipewa mafunzo mafupi tu. Dhiki ya mawazo ilipungua waziwazi mara baada ya vikao, na miezi mitatu baadaye nafuu ilikuwa bado ipo, ingawa ndogo zaidi.

Basi tuipeleke sauti hiyo ofisini? Polepole. Mwaka 2024 mtafiti William Fleming wa Chuo Kikuu cha Oxford alichambua majibu ya wafanyakazi 46,336 wa Uingereza, akakuta kwamba walioshiriki mafunzo ya utulivu na ustahimilivu kazini hawakuwa na hali bora kuliko wasioshiriki. Utafiti wake ni wa dodoso, hauna uzito wa majaribio, lakini unanigusa. Mkimbizi hawezi kuifuta vita iliyomfukuza, kwa hiyo kumfundisha kuibeba ni msaada wa kweli. Bosi anaweza kuibadilisha ratiba. Na kuna yasiyokuwa hata mikononi mwa bosi: Januari 2025 Marekani ilipositisha misaada yake ya nje, mikataba mingi ya kazi za misaada ilikatika ghafla, na sijui ni pumzi gani ya kuvuta inayolipa ada ya muhula.

Kwa hiyo ningependa kuona jaribio dogo mjini Arua. Wafanyakazi waliozaliwa tarehe witiri wapewe siku zao za fildi mwezi mzima kabla, zisibadilishwe ila kwa dharura ya uhai, na saa kumi na mbili jioni kundi la WhatsApp linyamaze. Wa tarehe shufwa waendelee kama kawaida. Baada ya miezi sita zihesabiwe siku za ugonjwa, barua za kuacha kazi na ripoti zilizochelewa. Gharama yake ni daftari moja, na kumsihi anayepanga magari.