Je, Wajua? Besi Iliyozidi Huumiza Spika

Je, wajua kuwa ukipandisha kitufe kimoja cha ikwalaiza (kifaa cha kupandisha au kushusha besi na sauti nyingine) kwa desibeli 10, amplifaya hulazimika kutoa nguvu mara 10 zaidi kwa sauti zinazodhibitiwa na kitufe hicho? Hata desibeli 3 tu huhitaji nguvu karibu maradufu. Ndiyo maana spika nyingi za nyumbani hukoroma, na nyingine huungua, besi inapopandishwa hadi mwisho.

Sebuleni, sauti isipopendeza, mara nyingi tatizo ni chumba chenyewe:

• Spika iliyobanwa kwenye kona huvimbisha besi. Isogeze mbali na kuta.

• Kuta tupu na sakafu ya vigae hurudisha sauti kali. Tandika zulia, tundika pazia zito.

• Kasoro ikibaki, shusha sauti inayozidi badala ya kupandisha nyingine zote.

Hata hivyo, ikwalaiza ina nafasi yake. Mwaka 1933, watafiti wa Marekani Harvey Fletcher na Wilden Munson walionyesha kuwa kadiri sauti inavyopunguzwa, ndivyo sikio linavyozidi kupoteza besi. Kwa hiyo anayesikiliza taarabu usiku kwa sauti ya chini ana sababu nzuri ya kuongeza besi kidogo.

Basi itumie ikwalaiza, lakini kwa kiasi, na baada ya kupanga spika vizuri. Ikwalaiza hurekebisha kasoro ndogo. Haiwezi kuipa spika dhaifu uwezo ambao haikuundwa nao.