Tazama Ulimi wa Nguruwe Kabla ya Kununua

Ndugu msomaji wa Gehandu, unataka kununua nguruwe. Usitazame unono tu. Mnunuzi mzoefu humlaza nguruwe, humpanua kinywa kwa kijiti, huvuta ulimi nje kwa kitambaa. Kisha hupapasa chini yake. Anatafuta nini? Anatafuta malengelenge meupe, madogo kama punje za mchele.

Hayo ni watoto wa tegu. Tegu ni mnyoo bapa. Ukoo wa minyoo bapa ni mkubwa. Wengine huishi hata kwenye matamvua ya samaki wa baharini. Huyu wetu huishi kwa nguruwe na kwa binadamu.

Mtu akila nyama ya nguruwe isiyoiva, mtoto wa tegu hukua tumboni mwake. Huwa kama utepe, urefu wa mita kadhaa. Mayai yake hutoka pamoja na choo. Mtu huyo akijisaidia porini, nguruwe anayezurura hula kinyesi kile. Ndipo malengelenge huota katika nyama yake.

Utafiti uliofanyika wilaya ya Mbulu ulichapishwa mwaka 2004. Nguruwe 770 wa vijiji 21 walitazamwa ndimi. Katika kila 100, nguruwe 17 walikuwa na malengelenge.

Lakini hasara ya nguruwe si kitu. Mayai yakiingia kinywani mwa mtu, kwa mikono michafu, maji au mboga, malengelenge huota ndani ya mtu mwenyewe. Hufika hata kwenye ubongo. Hapo huweza kuleta kifafa. Asiyekula nguruwe kabisa naye hupata!

Katika Hospitali ya Haydom, wagonjwa wa kifafa walipigwa picha za kichwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009. Baadhi yao walikutwa na malengelenge hayo. Basi usimtafute mchawi. Tena kifafa hakiambukizwi kwa kumgusa mgonjwa. Akiangukia motoni, mtoe upesi.

Nguruwe wako mfungie bandani. Chimba choo, ukiwekee mlango, maana nguruwe huingia. Nawa mikono kwa sabuni. Nyama ipike mpaka iive ndani kabisa, hata kama ulimi ulikuwa safi. Malengelenge yakiwa machache, ulimi hauyaonyeshi.

Je, umeona vipande vyeupe, bapa, katika choo chako? Usione haya. Nenda zahanati, ukamweleze mganga, upewe dawa.