Nilikwenda Makindu Kuitazama Shule ya Mpwa Wangu

Sisi watu wa pwani tukilisikia jina la Makindu, akili hutukimbilia kwenye mkeka. Mkindu twaujua kwa chane zake, zitiwazo rangi, zikasukwa ukili, na ukili ukashonwa mkeka wa kulalia au mswala. Mji huo umepata jina lake kwa mti huo huo. Lakini wengi wetu tumeuona kwa dirisha la basi tu, tukienda Nairobi: malori yameegeshwa kando ya barabara, hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka 1926, ambapo msafiri yeyote hupewa chakula bila ya kulipa, kisha basi limeshapita.

Januari 2026 nilishuka. Dada yangu ameolewa huko na Mkamba Mwislamu, na binti yao alikuwa ameitwa kuingia Gredi ya 10 katika shule moja ndogo ya serikali, ya kutwa. Shemeji alinipigia simu usiku akanieleza kwamba wastani wa shule ile katika mtihani wa kidato cha nne ni D, na kwamba heri mtoto aje Mombasa akae kwangu. Nami sikuwa na neno. Nyumba yangu ni ya vyumba viwili na watoto wanne, lakini mtoto wa dada hakataliwi. Nilimwomba jambo moja tu, niione hiyo shule kwanza.

Msidhani kwamba Waislamu wa Makindu ni wageni wa jana. Reli iliyoanzwa Mombasa mwaka 1896 ilipita hapo kabla ya kufika Nairobi mwaka 1899, na pamoja nayo walipita watu wetu, wengine wasirudi. Msikiti upo, madrasa ipo, na Kiswahili cha wazee wa hapo hakina aibu mbele ya mtu wa Kibokoni.

Shuleni nilipokewa vizuri na mwalimu mkuu, mama mmoja mwenye sauti ya chini. Jambo la kwanza lililonishangaza ni kwamba kidato cha pili hakikuwapo. Kulikuwa na Gredi ya 10, kidato cha tatu na kidato cha nne, basi. Nikadhani wametoroka! Kumbe ndivyo ilivyo nchi nzima, kwa sababu mtihani wa mwisho wa KCPE ulifanywa mwaka 2023, na mwaka 2025 hakuna mtoto aliyeingia sekondari. Shule kubwa hupungukiwa na kundi moja isione tofauti. Shule ndogo darasa moja likikosekana, nusu ya uhai wake imekwenda, maana fedha za serikali hufuata vichwa: tangu mwaka 2018 kiwango kilichowekwa ni shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Mwenye wanafunzi elfu moja amepangiwa mara kumi ya mwenye mia moja, lakini wote wawili wahitaji maabara na mwalimu wa Fizikia.

Tukaingia katika habari ya wastani. Mwalimu alichukua chaki akanionyesha kama mwanafunzi wake. A ni pointi 12, E ni pointi moja, D ni 3. Tuseme watahiniwa ni 25. Mtoto mmoja aliyekuwa apate D akapata B-, yaani pointi 8, wastani wa shule nzima wapanda kwa 0.2, na watu husema shule imefufuka. Mwaka unaofuata mtoto kama huyo hayupo, shule imekufa tena. Penye watahiniwa 250, mtoto huyo huyo hausogezi wastani ila kwa 0.02. Nikaona kwamba ile D iliyomtisha shemeji ilikuwa habari ya watoto wachache wa mwaka mmoja.

Lakini nisimtetee mwalimu kupita kiasi. D ni D, na chuo kikuu kinataka C+. Niliuliza watoto hao ni nani hasa, akanifunulia daftari la majina. Wenye alama za juu huchukuliwa na shule kubwa za bweni, ambazo karo yake hufika shilingi 53,554 kwa mwaka. Wanaobaki ni waliokosa alama, na pamoja nao waliokosa hiyo karo, wamechanganyika katika daftari moja, na mtihani haujui kuwatenganisha. Wapo watoto wa wakulima wa pojo na mbaazi ambao mvua ya Novemba ikikosekana hukosa fedha ya chakula cha mchana. Wapo wa wenye vibanda vya barabarani. Wasichana wengi hutangulia kisimani na punda kabla ya kuja darasani, na jioni hurudi kwa miguu kando ya barabara ya malori, jambo ambalo mama zao hawalipendi. Majina ya Waislamu yalihesabika kwa vidole vya mkono mmoja, la kwanza Kiarabu, la pili Kikamba.

Hapo ndipo nilipouliza lililonileta. Katika mtaala mpya mwanafunzi huchagua masomo matatu, zaidi ya yale ya lazima. Mpwa wangu ataka Biolojia na Kemia, na babake ataka asiache Elimu ya Dini ya Kiislamu. Mwalimu alisema wazi kwamba wa kuifundisha hana, na kwa wanafunzi wanne hatapelekewa. Sayansi anao walimu wawili, mmoja analipwa na wazazi.

Jioni tulikaa uani, mimi, shemeji na dada. Binti alikuja na chai.

“Shikamoo, Mjomba.”

“Marahaba, mwanangu. Wataka kwenda Mombasa?”

Akamtazama mamake kwanza. Akasema Mombasa angependa kuiona bahari, lakini hapa dakika ishirini yuko shuleni, na mwalimu wa Kemia amekwisha kumjua jina. Shemeji alinyamaza kitambo, kisha akasema dini ataisoma kwa maalimu wa madrasa Jumamosi na Jumapili, ila shule ikiita masomo ya ziada Jumamosi atakwenda mwenyewe kuzungumza nao. Dada aliongeza la kwake: kisimani ataenda ndugu yake wa kiume. Kijana hakufurahi hata kidogo.

Nilirudi peke yangu, na kiondo cha pojo alichonipa dada. Ndani yake mlikuwa na karatasi ya mwalimu yenye majina ya vitabu vitatu ambavyo shule haina vya kutosha. Kimoja nimekwisha kukipata. Viwili bado ninavitafuta.